Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kucheza Michezo ya Vifaru ya Uigaji Halisi

Mchezaji aliyezoea vibanda vya michezo vya Kondele mjini Kisumu au vya mitaa ya Nakuru, ambako mpira wa PlayStation ndio unaotawala, hupigwa na butwaa anapofungua kwa mara ya kwanza mchezo wa vifaru wa uigaji halisi. Hakuna mstari wa kijani unaoonyesha uhai uliobaki, hakuna ramani ndogo pembeni yenye nukta nyekundu za maadui, na mara nyingi kifaru chake hulipuka kabla hajajua risasi imetoka upande gani. Wengi huufunga mchezo siku hiyohiyo na hawaurudii tena. Hiyo ni hasara, kwa sababu ugumu huo una mpangilio wake, na anayeufuata kwa utaratibu hufika mahali ambapo kila pambano linamfundisha jambo.

Mwongozo huu umejengwa juu ya msimamo mmoja: anayeanza ajifunze kifaru kimoja, kiti kimoja baada ya kingine, na ajifunze kutazama na kujificha kwa bidii ileile anayotumia kujifunza kupiga. Mapambano mengi katika michezo hii huamuliwa na nani aliyemwona mwenzake kwanza na nani aliyekuwa mahali pazuri wakati huo. Mzinga hukamilisha tu kazi ambayo macho na nafasi zimeshaifanya.

Kuchagua mchezo kulingana na kompyuta uliyo nayo

Kwa anayeanza leo, mchezo ninaoupendekeza kwa moyo wote ni Gunner, HEAT, PC! wa Radian Simulations, ulioanza kuuzwa Septemba 2022 ukiwa bado unaendelea kutengenezwa. Unaigiza mapambano ya kubuni ya Vita Baridi huko Ujerumani mwaka 1985, na unachezwa na mtu mmoja dhidi ya kompyuta, jambo linalomaanisha kwamba ukishaupakua hauhitaji bando kila unapoufungua. Vitufe vyake si vingi sana, lakini hesabu za risasi, deraya (mabamba ya chuma yanayokikinga kifaru) na darubini zimefanywa kwa uangalifu mkubwa.

Mwenye laptopu dhaifu aangalie Steel Armor: Blaze of War ya mwaka 2011, iliyotengenezwa na Graviteam, ambamo unaendesha M60A1 ya Kimarekani au T-62 ya Kisovieti. Sura yake ni ya zamani na vitufe vyake vinahitaji uvumilivu, ila unafaa kwa mashine ambazo haziwezi kubeba michezo mipya. War Thunder hauhitaji malipo kuanza, na mapambano yake ya uigaji ni magumu vya kutosha, lakini lazima uwe na intaneti muda wote na nafasi kubwa kwenye diski. Steel Beasts, ambao ulitoka mwaka 2000 na kupata toleo la Pro PE mwaka 2006, ni daraja la juu kabisa: majeshi kadhaa duniani, yakiwemo ya Denmark na Australia, yametumia matoleo yake kuwafundishia askari. Simshauri mtu aanze nao.

Kabla ya kulipa, chunguza mashine yako. Laptopu nyingi zinazouzwa katika maduka ya Kisumu na Nakuru ni za mtumba zilizotoka katika ofisi za ng'ambo. Nyingi zina prosesa nzuri lakini hazina kadi ya grafiki inayojitegemea. Fungua Task Manager ya Windows, nenda kwenye sehemu ya utendaji, na usome jina la kadi ya grafiki lililoandikwa pale, kisha ulilinganishe na mahitaji yaliyotajwa kwenye ukurasa wa mchezo. Ukinunua kupitia Steam, unaweza kulipa kwa kadi pepe ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, na ukiona mchezo hauendi vizuri unaweza kuomba kurudishiwa fedha mradi hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza kwa zaidi ya saa 2. Tumia saa hizo kupima mashine tu, wala usizimalize ukisoma vitufe.

Jambo jingine ni joto na umeme. Joto la Kisumu mchana linatosha kuifanya laptopu ipunguze kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo iweke juu ya meza ngumu, kamwe usiiweke juu ya godoro au mto, na ukiweza cheza jioni. Wakazi wa Kakamega na Kisii wanajua jinsi radi inavyopiga msimu wa mvua. Mawingu yakianza kukusanyika, chomoa waya wa stima ukutani kabisa badala ya kuzima swichi pekee.

Mipangilio ya kwanza

Katika mchezo wa aina hii adui aliye mita 2,000 mbele yako ni doa dogo tu kwenye skrini. Kwa sababu hiyo, mashine ikilemewa, punguza ubora wa vivuli, moshi na nyasi za karibu, lakini uache juu umbali wa kuonekana kwa vitu na idadi ya nukta za picha. Mchezaji anayepunguza kila kitu kwa pamoja hupata mwendo laini na hapati cha kulenga. Punguza pia wepesi wa mausi mpaka alama ya kulengea itambae polepole juu ya kifaru cha mbali bila kurukaruka. Vaa vidude vya masikioni, kwa kuwa sauti ya injini, mlio wa risasi inayopita na maneno ya kamanda hubeba habari ambazo skrini haikuonyeshi.

Andika vitufe kwa mkono kwenye karatasi moja, vile tu unavyovihitaji: kubadilisha kiti, kukuza darubini, kupima masafa, kuchagua risasi, kupiga, na kutoa moshi. Ukurasa mzima wa vitufe unaoonyeshwa na mchezo ni mzigo usio na faida kwa wiki ya kwanza.

Kuwafahamu watu walio ndani ya kifaru

Kifaru cha Kimarekani cha M1 Abrams kina watu wanne: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji risasi na dereva. T-72 ya Kisovieti ina watu watatu, kwa sababu mtambo unaozunguka chini ya sakafu ya mnara, wenye nafasi ya risasi 22, hufanya kazi ya mpakiaji. (Mnara ni kile kichwa cha kifaru kinachozunguka na kubeba mzinga.) Wakenya wengi walilisikia jina la T-72 mwaka 2008, maharamia wa Kisomali walipoiteka meli ya MV Faina ikiwa na vifaru 33 vya aina hiyo, na katika michezo hii utakutana nacho sana, ama ukiwa ndani yake ama ukikikabili.

Tofauti ya watu watatu na wanne inabadilisha namna ya kupigana. Mtambo wa T-72 huchukua sekunde 7 au 8 hivi kupakia risasi mpya, mwendo uleule mwanzo hadi mwisho wa pambano. Mpakiaji wa M1 akiwa mzima hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, lakini akijeruhiwa kasi hiyo hupotea. Mtambo ule wa T-72 pia umewaweka watu juu ya risasi zenyewe, na ndiyo maana kifaru hicho kikitobolewa hapo katikati mara nyingi hulipuka chote, ilhali katika M1 risasi nyingi hukaa nyuma ya mnara, upande wa pili wa mlango wa chuma, ambapo mlipuko huelekezwa juu na nje.

Anza na M1. Ninasema hivyo kwa sababu kompyuta yake ya kulengea inakusaidia vya kutosha uweze kujifunza jambo moja kwa wakati mmoja. Ukishaielewa, hamia T-72 na baadaye T-55, ambapo msaada huo unapunguzwa kidogo kidogo mpaka unabaki na macho yako na hesabu.

Kiti cha mpiga mzinga

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Chagua misheni rahisi ambayo maadui ni wachache au wamesimama, na usijali kushinda. Darubini ya mpiga mzinga wa M1 ina ukuzaji wa aina mbili, mara 3 na mara 10. Ile ya mara 3 ni ya kutafuta, na ile ya mara 10 ni ya kulenga. Anayeanza hupenda kubaki kwenye mara 10 kwa sababu vitu vinaonekana vikubwa, na matokeo yake huwa kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea kwa kuchungulia kupitia tundu la ufunguo. Tafuta kwa ukuzaji mdogo, ukiona kitu cha kutilia shaka ongeza ukuzaji, ukimaliza rudi kwenye ule mdogo.

Kutafuta kwenyewe kuna utaratibu. Usizungushe mnara ovyo. Gawa eneo lililo mbele yako katika mikanda mitatu: wa karibu, wa kati na wa mbali. Pitia mkanda wa karibu kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu adui aliye karibu ndiye hatari zaidi, kisha panda kwenye mkanda unaofuata. Simama kwenye kingo za misitu, pembe za nyumba, makutano ya barabara na migongo ya vilima. Jicho hukamata mwendo haraka kuliko umbo, hivyo baada ya kupitia mkanda, tulia sekunde kadhaa bila kusogeza mausi, ukingoja kitu kijisogeze chenyewe. Vumbi, moshi wa injini na mwako wa mzinga huonekana kabla ya kifaru.

Ukishamwona adui na kuhakikisha kwamba ni adui, weka alama ya kulengea katikati ya sehemu yake inayoonekana, kisha piga leza, yaani mwali wa mwanga unaopima umbali. Tarakimu za masafa hutokea chini ya darubini. Zisome. Wanaoanza wengi hupiga leza na kufyatua kwa pamoja bila kuangalia, na hapo ndipo risasi nyingi hupotea, kwa sababu leza inaweza kugonga kichaka kilicho mbele ya kifaru na kukupa mita 640, au ikapita juu yake na kugonga kilima cha nyuma na kukupa mita 2,900, wakati kifaru chenyewe kiko kwenye mita 1,800. Jiulize kama namba hiyo inalingana na unachokiona. Ikiwa hailingani, sogeza alama kidogo na upige leza tena. Ikilingana, hakikisha alama imerudi katikati, fyatua, na uache jicho hapohapo.

Kuacha jicho hapohapo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Risasi huacha mwanga nyuma yake, na mwanga huo unakuonyesha kama imeanguka mbele ya shabaha, imepita juu, au imeenda pembeni. Ukiona imepungua, peleka alama juu kwa kiasi kilekile ulichokiona ikipungua, na upige tena mara moja. Wala usiridhike kwa kuona cheche: cheche zinaweza kumaanisha kwamba risasi imegonga na kudunda. Endelea kupiga mpaka kifaru kiwake moto, watu wake watoke, au kiache kabisa kujibu.

Shabaha inayosogea inadai hatua moja zaidi. Chukua kifaru kinachokatisha mbele yako kwa kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kila sekunde. Risasi ya mshale (nitaieleza mbele kidogo) ya mzinga wa milimita 105 hutoka kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo huchukua takriban sekunde 1.4 kufika mita 2,000. Katika muda huo kifaru kimesogea karibu mita 8, na mwili wa T-72 hauzidi mita 7. Anayelenga katikati yake atapiga hewa nyuma ya kifaru. Kompyuta ya M1 hufanya hesabu hii kwa kupima kasi ya mnara unapoifuata shabaha, nawe una wajibu wa kuifuata kwa mwendo laini, usiosita, kwa sekunde mbili au zaidi kabla ya kupiga leza na kufyatua. Ukivuta mausi kwa kushtuka dakika ya mwisho, kompyuta huuchukua mshtuko huo kuwa ndiyo kasi ya adui na kuitupa risasi mbali. Fanya zoezi la kufuata tu, bila kufyatua, mpaka alama ikae juu ya kifaru kinachokwenda kana kwamba imebandikwa. Ukimaliza na shabaha moja, futa hesabu ya zamani kabla ya kuhamia nyingine.

Kupima masafa bila leza

Zoezi hili huwafanya watu wawe wapiga mizinga wa kweli, na ndiyo maana sitaki ulikwepe hata kama M1 inakutosha. T-55 za zamani hazina leza. Ndani ya darubini kuna mstari mmoja ulionyooka na juu yake mwingine uliopinda, wenye namba. Umbali kati ya mistari hiyo umechorwa kwa shabaha yenye kimo cha mita 2.7. Unaiweka shabaha katikati yake, minyororo ikigusa mstari wa chini na paa la mnara likigusa mstari wa juu, kisha unasoma namba iliyo hapo.

Hesabu iliyo nyuma yake ni rahisi na inafaa kuijua, kwa kuwa darubini nyingi zina alama ndogo zinazopima pembe kwa mili (mili moja ni pembe inayofunika mita 1 kwenye umbali wa mita 1,000). Masafa kwa mita ni kimo cha kitu kwa mita, mara 1,000, gawanya kwa idadi ya mili kinachojaza. Kitu cha mita 2.7 kinachojaza mili 1.5 kiko mita 1,800. Upana hufaa vilevile: kifaru cha upana wa mita 3.6 kinachokutazama usoni na kujaza mili 2 kiko pia mita 1,800.

Mtego uko hapa. Ikiwa adui amejificha nyuma ya tuta na unaona mnara wake pekee, ataonekana mdogo kuliko kimo chake halisi, nawe utasoma kwamba yuko mbali kuliko alipo, na risasi yako itapita juu. Ukigundua hivyo, punguza masafa uliyosoma, au tumia upana wa mnara badala ya kimo.

Kuna pia njia ya dharura. Ukiweka masafa ya mita 1,200 na kutumia risasi ya mshale ya mzinga wa milimita 105, risasi hiyo haipandi hata mita 1 juu ya mstari wa macho yako katika safari yake yote hadi hapo. Maana yake ni kwamba adui yeyote anayetokea ghafla ndani ya umbali huo unaweza kumlenga katikati na kumpiga bila kupima chochote. Acha mzinga katika hali hiyo kila unapotembea.

Mazoezi ya jicho unaweza kuyafanya hata nje ya kompyuta. Mkazi wa Kisumu apande Riat, mkazi wa Nakuru apande ukingo wa Menengai, achague nyumba, mti mkubwa au gari lililosimama kule chini, akisie umbali, kisha apime kwa kutumia ramani ya simu yenye uwezo wa kupima kati ya nukta mbili. Watu wengi hukisia pungufu wanapotazama chini kutoka mahali pa juu, na kosa hilohilo hulipeleka ndani ya mchezo.

Risasi gani kwa shabaha gani

Risasi ya mshale, ambayo skrini huiandika APFSDS, ni chuma kirefu chembamba kinachotoboa kwa kasi na uzito wake. Hiyo ni ya vifaru. Risasi ya HEAT hutoboa kwa mlipuko uliokusanywa mahali pamoja; nguvu yake ya kutoboa haipungui kwa umbali, lakini huruka polepole zaidi na kwa upinde mkubwa zaidi, hivyo kosa dogo la masafa huikosesha shabaha, na tawi la mti linaweza kuilipua kabla haijafika. Itumie kwa magari mepesi kama BMP, gari la deraya la Kisovieti linalobeba askari. Bunduki ya rashasha ni ya askari wa miguu na malori. Kabla ya pambano kuanza, pakia mshale, kwa maana adui wa kwanza kukuua atakuwa kifaru.

Kumtambua unayempiga

Kuwapiga wenzako ni jambo la kawaida mno kwa wanaoanza, na chanzo chake ni kutegemea rangi. Umbo halidanganyi. Hesabu magurudumu: M1 ina 7 kila upande, M60 ina 6, T-72 ina 6, na T-55 ina 5, huku pengo kubwa likiwa kati ya la kwanza na la pili. Tazama mnara: wa M1 ni mpana, wenye kuta bapa zilizolala; wa T-72 ni wa mviringo na uko chini sana; wa M60 uko juu, na juu yake kuna mnara mdogo mwingine wa kamanda. Magurudumu yakifichwa na nyasi, tumia mnara na urefu wa mzinga. Na ukibaki na shaka, angalia ramani kuona vikosi vyenu viko wapi kabla ya kugusa kitufe cha kufyatua.

Kuendesha na kujificha

Baada ya kuweza kupiga shabaha zilizosimama na zinazosogea, hamia kwenye kiti cha dereva, na ufanye misheni nzima bila kujali mzinga. Lengo ni kujifunza ardhi.

Nafasi bora ya kifaru ni ile ambapo mwili wake umefunikwa na udongo na mnara pekee ndio unaoona ng'ambo. Deraya nene kuliko zote kwa kawaida iko mbele ya mnara, na shabaha unayompa adui inakuwa ndogo. Ili kuipata, karibia mgongo wa kilima kwa upande wa nyuma, polepole, ukiwa kwenye darubini ya mpiga mzinga. Mara tu darubini inapovuka ukingo na kuona bonde la mbele, simama. Kumbuka kwamba darubini iko juu ya mzinga: unaweza kuona vizuri ilhali mdomo wa mzinga bado unatazama udongo, na risasi ya kwanza ikagonga tuta lako mwenyewe. Sogea mbele kidogo tena mpaka mdomo uwe wazi.

Hapa vifaru vinatofautiana sana. Mzinga wa M1 unaweza kuinama nyuzi 10 chini ya usawa, wa T-72 karibu nyuzi 6 tu. Kwenye mteremko ambapo M1 inajificha hadi shingoni, T-72 inalazimika kutoka zaidi ili iweze kulenga chini, na hapo mwili wake unaonekana. Ukiwa ndani ya T-72 tafuta migongo ya ardhi isiyo na mwinuko mkali, au kingo za misitu zilizo tambarare.

Usisimame kamwe juu kabisa ya kilima ukiwa na anga nyuma yako. Anayetazama kutoka uwanda wa Kano kuelekea milima ya Nandi wakati wa jioni anaweza kuona mti mmoja uliosimama ukingoni kutoka mbali sana, na huo hauna hata injini inayotoa moshi. Shuka upande wa pili, au zunguka bega la kilima.

Ukishafyatua risasi mbili au tatu, adui ameuona mwako wako. Rudi nyuma, usigeuke. Kugeuka kunampa ubavu na mgongo wako, ambako deraya ni nyembamba. M1 hurudi nyuma kwa kasi nzuri, lakini T-72 hurudi kwa kilomita 4 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo mwenye T-72 lazima afikirie njia ya kurudi kabla ya kupanda. Simama mahali ambapo kurudi mita chache tu kunakuficha kabisa. Halafu hamia, angalau mita 50 au 100 pembeni, na utokee mahali ambapo hakungojei. Moshi utumie wakati wa kurudi ukiwa tayari umeonekana. Ukiutoa mapema unamwonyesha mahali ulipo.

Kwenye eneo la wazi, tembea kutoka mficho hadi mficho kwa mbio fupi. Kabla ya kuuacha mmoja, uwe tayari unaujua unaofuata na njia ya kuufikia.

Kiti cha kamanda, na namna watu wawili wanavyoweza kujifunza kwa mashine moja

Kamanda huamua kifaru kiende wapi, kimtazame nani na kimpige nani kwanza. Fungua ramani kabla ya misheni kuanza, tafuta mistari ya mwinuko, na ujiulize maswali matatu: adui atapita wapi, mimi naweza kumwona kutoka wapi, na nikizidiwa narudi wapi. Weka kifaru chako mahali panapojibu yote matatu.

Kwa kuwa wengi wetu hatuna kompyuta mbili, ipo njia ambayo nimeiona ikifundisha haraka kuliko kucheza peke yako. Mmoja anashika mausi na kuwa mpiga mzinga, mwenzake anakaa kando akiwa na daftari na ramani aliyoichora kwa mkono, na kazi yake ni kutazama skrini nzima na kutoa amri kwa mpangilio uleule kila mara: nani, risasi gani, shabaha gani, iko wapi. "Mpiga mzinga! Mshale! Kifaru, ukingo wa msitu, kushoto!" Mpiga mzinga anajibu "Nimekiona" au "Sikioni," anapiga leza na kuyasoma masafa kwa sauti, na hafyatui mpaka aambiwe "Piga!" Mwanzoni huenda polepole, lakini tabia ya kuthibitisha kabla ya kufyatua huota mizizi kwa wote wawili, na kosa la leza iliyogonga kichaka hunaswa na yule mwenye daftari. Badilishaneni viti baada ya kila misheni.

Malengo yakiwa mengi kwa wakati mmoja, mpige kwanza anayeweza kukuua sasa hivi: kifaru kilichokuelekezea mzinga, kisha gari la makombora ya kuongozwa lililosimama, kisha kifaru kinachotazama pembeni, na mwisho magari mepesi.

Kusoma matokeo na kwenda mbele

Baada ya kila pambano, soma marejeo kabla ya kuanza jingine. Mchezo ukikuonyesha risasi zilipoingia, angalia zile zilizodunda: ziligonga wapi, kwa pembe gani, kwa umbali gani. War Thunder una chombo cha kuchambua deraya ndani ya bohari yake, ambapo unaweza kuchagua kifaru, risasi na umbali, ukaona sehemu inayotoboleka na isiyotoboleka. Hata mchezaji wa michezo mingine atanufaika nacho, mradi akumbuke kwamba kila mchezo una hesabu zake. Andika kwenye daftari sababu ya kufa kwako kwa sentensi moja. Baada ya misheni kadhaa utaona sababu moja inajirudia kuliko nyingine, na hiyo ndiyo mada ya mazoezi ya wiki inayofuata.

Utakapoweza kumaliza misheni ya ulinzi ukiwa hai, kwa M1 na kwa T-72, jaribu zile za mashambulizi, ambazo ni ngumu zaidi kwa kuwa wewe ndiye unayesogea na adui ndiye aliyejificha. Kisha ndipo uingie mapambano ya intaneti. Katika mapambano ya uigaji ya War Thunder huonyeshwi alama za maadui na kamera ya kutazama kifaru kwa nje hairuhusiwi, kwa hiyo mazoea yote ya kutafuta kwa mikanda na kuhesabu magurudumu yatakufaa papo hapo. Chagua seva za Ulaya, tumia waya wa mtandao badala ya Wi-Fi ukiweza, na usiingie wakati wa mawingu mazito, maana stima ikipotea katikati ya pambano, kifaru chako hubaki uwanjani bila mtu na wenzako ndio wanaoachwa na pengo.

Steel Beasts ungojee mpaka kuongoza kifaru kimoja kusikuchoshe tena akili. Leseni yake inaweza kununuliwa kwa muda maalumu, kwa hivyo panga kuichukua wakati una likizo au nafasi ya kutosha, anza na mafunzo yaliyomo ndani yake kuanzia la kwanza, na upitie kiti cha mpiga mzinga upya hata kama unaamini unakijua.